Farasi Anayechechemea: Apumzishwe Malishoni au Aagwe?

Wenye farasi wengi wakinipigia simu huanza na swali moja: "Daktari, atapandika tena?" Mimi huwauliza jingine: jana usiku, alijilaza?

Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito haumjii mpaka ajilaze. Hahitaji mwingi, kama nusu saa hadi saa moja kwa siku humtosha. Mwenye maumivu makali ya goti au nyonga huogopa kujilaza kwa kuwa kuinuka ni mateso. Siku zikipita hivyo, usingizi humlemea palepale aliposimama: kichwa kinashuka, magoti yanalegea, anaporomoka, anashtuka. Ndiyo maana nikiingia bandani, kabla sijashika mguu wowote, natazama vifundo vya miguu ya mbele, upande wa mbele. Makovu au vidonda vibichi pale hunieleza mengi. Nikikuta majani makavu yamenasa kwenye singa na ubavu una vumbi, nafurahi: amejilaza, na ameweza kuinuka.

Kuchechemea peke yake si hukumu ya kifo. Farasi asiyeweza tena kukimbia wala kuruka anaweza kuishi miaka mingi malishoni, mradi ardhi ni laini, ana mwenzake mpole, kwato zinachongwa kila wiki sita hadi nane na meno yanakaguliwa kila mwaka. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona farasi "waliostaafu" ambao kwato zao zimerefuka hadi zikajipinda. Huko si kustaafu, ni kutelekezwa.

Dawa ya maumivu kama fenilibutazoni husaidia, ila ikizidi au ikitumika muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo. Ikiwa tumefika kiwango cha juu kinachoruhusiwa na bado anashinda amejitenga, anabadilisha mguu wa kuegemea kila mara na haendi kunywa maji, dawa imefika mwisho wake.

Mguu mmoja ukishindwa kubeba uzito, mwingine huelemewa. Mwili wa karibu kilo 500 ukiuegemea, laminaitisi huingia: tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato huvimba na kuachia. Barbaro, farasi bingwa wa mbio za Kentucky Derby za mwaka 2006 nchini Marekani, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baada ya ushindi huo. Alipasuliwa na mabingwa wa kazi hiyo, lakini laminaitisi ilimpata mguu wa pili wa nyuma, baadaye ile ya mbele, na Januari 2007 ikaamuliwa afe bila kuteseka zaidi.

Tundika kalenda bandani. Kila jioni andika: siku njema au mbaya. Mbaya zikianza kuzidi, mpigie daktari wa mifugo, usisubiri usiku wa dharura. Ni heri farasi atembee mwenyewe, mchana, hadi mahali ulipomchagulia afie. Hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha dozi kubwa ya dawa ya usingizi, pentobabitali, ambayo humuua. Hupoteza fahamu haraka. Misuli ikitetemeka au akivuta pumzi baada ya hapo, hahisi tena.

Panga mapema atakapozikwa au kuchomwa, kwani mzoga wenye pentobabitali huua mbwa na ndege wanaoula. Na mwenzake wa malishoni aachwe amkaribie. Niliowaona hunusa kwa dakika chache, husimama kando kidogo, kisha hurudi kula majani.