Seva iko Faza, wewe uko Amu: uchague programu gani ya usanidi?

Vijana wanaoanza kazi ya seva hapa Lamu huniuliza sana: nijifunze Ansible, Puppet, Salt au Chef? Hizo ni programu za usanidi: unaandika seva iwe katika hali gani, nazo huipanga iwe hivyo. Mimi huwauliza kwanza: kati yako na seva yako, nani anaweza kumfikia mwenzake?

Mashine ninazotunza ni ndogo, zimekaa kwenye maofisi Amu (mji wa Lamu), Mokowe upande wa bara, na Faza kisiwani Pate. Nyingi hupata intaneti kwa modemu ya laini ya simu. Laini ya namna hiyo kwa kawaida haiipi mashine anwani ya hadharani: yenyewe yaweza kutoka nje kutafuta kitu, lakini wewe huwezi kuingia kutoka nje. Kuifuata kwa boti nako kuna masharti yake. Boti za Faza hutegemea maji kujaa ndipo zipite mkondo wa Mkanda, na upepo wa kusi ukivuma safari huwa ngumu zaidi.

Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, kwa kawaida husukuma. Unakaa kwenye kompyuta yako, inaingia kwenye kila seva kwa SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali, na kutekeleza yaliyoandikwa katika faili za YAML, yaani maandishi ya kawaida yenye mpangilio maalumu. Seva haihitaji ajenti, yaani programu ya kukaa humo ikiisimamia; lugha ya programu ya Python inatosha. Kwa seva za kukodi zenye anwani wazi, siioni inayoizidi kwa wepesi. Lakini kwa njia hiyo haiingii Faza.

Puppet, ya Luke Kanies, iliyotoka 2005, huvuta. Ajenti aliye ndani ya mashine huiuliza seva kuu, inayotunza maagizo ya mashine zote, kila dakika 30 hali inavyotakiwa kuwa, kisha hurekebisha. Asipoipata seva kuu, hutumia maagizo ya mwisho aliyoyahifadhi, na hilo nalipenda sana. Ila seva kuu yake huendeshwa juu ya Java na hutaka kumbukumbu (RAM) nyingi. Salt nayo hufaa kwa laini zetu, kwa kuwa ni mashine ndogo zinazofungua njia kwenda kwa seva kuu, kwenye milango ya mtandao namba 4505 na 4506. Chef hutaka ujue lugha ya programu ya Ruby, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake huo ni mzigo.

Mimi nimetulia kwenye ansible-pull, amri inayokuja na Ansible yenyewe. Faili zako unaziweka kwenye hazina ya Git, ghala linalotunza faili pamoja na historia ya mabadiliko yake, na kila mashine huzivuta na kujisanidi yenyewe. Hakuna seva kuu ya kulea. Wengi huongeza chaguo la -o ili isifanye kazi pasipo mabadiliko kwenye hazina. Mimi siliweki, kwa sababu mtu akibadilisha kitu kwa mkono pale ofisini, nataka kirudishwe. Nililoweka ni -f, kazi iendelee hata Git isipopatikana. Ratiba naiandika kwa systemd (msimamizi wa huduma katika Linux) yenye Persistent=true, ili stima ikikatika saa ya zamu ya kujisanidi, mashine ifanye zamu hiyo mara inapowaka.

Yote hayo yanasimama juu ya sharti moja: agizo lirudiwe mara mia bila kuharibu. Ukisema "bonyeza swichi", mara ya pili taa inazimika. Ukisema "taa iwe imewaka", hata likirudiwa vipi taa inabaki imewaka. Kwa hiyo amri za sheli, zile za kuandika moja kwa moja kwenye terminali, naziepuka, na pasipo budi naziwekea kipimo cha kuangalia kwanza kama kazi imeshafanyika.

Bando pia ni pesa. Kila kituo nimekiwekea apt-cacher-ng, programu inayohifadhi nakala za vifurushi vya programu, kwenye mashine moja, ili kifurushi kipakuliwe mara moja na jirani zake wakichukue hapo hapo.

Njia hii ina hatari mbili za kuziba mapema. Kila mashine inashika ufunguo wa hazina, kwa hiyo ikiibwa, mwizi anasoma vyote vilivyomo. Ipe ufunguo wa kusoma tu, na siri za kituo kimoja zisikae kwenye hazina ya kituo kingine. Ya pili, zamu ikishindikana hakuna wa kukwambia. Fanya kazi ya mwisho katika kila zamu iwe kutuma salamu fupi kwenye seva yako ya nje, na kengele ilie pale salamu zinapokosekana kwa muda uliouweka. Kwangu ni muda wa saa sita, maana laini ya Faza hulala na kuamka yenyewe.