Usikariri neno la Kiingereza peke yake

Nafundisha watahiniwa wa IELTS (mtihani wa kupima Kiingereza) na GRE (mtihani wa kuombea masomo ya shahada za juu), na wengi huanza wakiwa na orodha ndefu: neno la Kiingereza kushoto, maana ya Kiswahili kulia. Wameikariri kweli. Lakini wakiandika insha, maneno yale ama hayaonekani, ama yanajitokeza mahali yasipostahili.

Chukua "exacerbate". Orodha inasema "kuzidisha", basi mwanafunzi anaandika "the government exacerbated the number of schools", akimaanisha serikali imeongeza shule. Sarufi sawa, tahajia sawa, sentensi imeharibika. Neno hilo huambatana na mabaya tu: tatizo, umaskini, mgogoro, maradhi. "Mitigate" nalo ni kupunguza, ila kinachopunguzwa ni hatari, madhara au makali ya jambo, si bei ya bidhaa. Kwa Kiswahili nasi hupiga pasi na kupiga picha. Anayesema "kufanya pasi" tunajua papo hapo kuwa ni mgeni wa lugha. Mtahini naye anasikia hivyo hivyo.

Na anakata alama. Katika IELTS, msamiati ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza, na vigezo vya bendi ya 7 (daraja la 7 kati ya 9) vinataka mtu aonyeshe kwamba anajua maneno gani huambatana. Ndiyo maana siwashauri wanafunzi kubandika neno kubwa pale ambapo neno dogo linatosha. Yote mawili ni kutumia, lakini "use" iliyo mahali pake inashinda "utilize" iliyolazimishwa.

Pa kuanzia ni Academic Word List, orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa mtafiti wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo, na familia hizo hufikia takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Kwa IELTS huo ni msingi mzuri sana. Kwa GRE haitoshi, maana mtihani huo hupenda maneno kama "laconic" (mwenye maneno machache) na "equivocal" (lenye utata), na katika aina moja ya maswali unapewa chaguo sita ili uteue mawili yatakayoipa sentensi maana ileile. Hapo zoea kutafuta viunganishi kwanza. "Although" (ingawa) ikitangulia, jibu liko upande wa pili wa hoja.

Daftarini andika sentensi nzima uliyoikuta kwenye makala halisi, chini yake maneno mawili matatu yanayoambatana na lile neno, kisha ndugu zake. Ndugu hawa wanahitaji uangalifu: "credible" ni habari inayoaminika, "credulous" ni mtu anayeamini kila anachoambiwa, "incredulous" ni yule aliyekataa kuamini. Mzizi mmoja, na ukiwachanganya umesema jambo jingine kabisa.

Kuhusu kurudia, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi kunasaidia kuliko kukesha siku moja. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Kusoma tena daftari hakutoshi: funika neno, uache pengo kwenye sentensi, ulijaze kwa mkono. Ukikwama, neno hilo lirudi kwenye zamu ya kesho. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani usiongeze maneno mapya; andika insha kwa yale uliyonayo.