Mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi ni nani?

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huambiwa kliniki, “Ufanye mazoezi,” kisha hurudi nyumbani bila kujua ni mazoezi gani, kwa muda gani, wala kwa nguvu kiasi gani. Vidonge havitolewi hivyo: juu ya bahasha huandikwa vingapi, kutwa mara ngapi na kwa siku ngapi. Mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi ni yule aliyesomea jinsi moyo, mapafu na misuli inavyoitikia kazi, ambaye humpima mgonjwa kwanza, ndipo akampangia kipimo cha mazoezi kinacholingana na maradhi yake na dawa anazotumia.

Nchini Australia taaluma hii inajitegemea, na tangu mwaka 2006 bima ya umma, Medicare, huchangia gharama za mgonjwa wa maradhi sugu anayepewa rufaa na daktari wake. Kazi hiyo hukaribiana na ya fiziotherapia, lakini uzito wake uko kwenye mpango wa muda mrefu, hasa kwa maradhi yasiyopona.

Tuchukue kisukari cha aina ya 2. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale mwili unapokuwa umeacha kuitikia insulini vizuri, na nafuu hiyo hudumu kwa siku moja au mbili hivi baada ya mazoezi. Ndiyo sababu mgonjwa huelekezwa asipitishe siku mbili mfululizo akiwa amekaa tu. Anayejidunga insulini hupima sukari kabla ya kuanza, isije ikashuka kupita kiasi, na mwenye ganzi miguuni hukaguliwa nyayo na viatu, jambo ambalo kwa maoni yangu halipaswi kurukwa hata siku moja. Kama anatumia pia dawa ya moyo kama atenololi, mapigo yake hayapandi kama ya mtu mwingine, hivyo kuyahesabu kunaweza kupotosha. Badala yake hutumiwa kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, ambacho mgonjwa hutaja mwenyewe ukali wa kazi anayoihisi kwa namba kuanzia 6 hadi 20.

Majeraha nayo yana vipimo vyake. Mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake, huko huko Sweden, walieleza habari za wakimbiaji 15 waliokuwa wameumwa kano ya kisigino kwa muda mrefu, na mapumziko hayakuwa yamewasaidia. Walisimama kwa ncha ya mguu ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino taratibu, mara 15 kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Maumivu ya kiasi yaliruhusiwa, na yalipokwisha waliongeza uzito kwa mkoba wa mgongoni, ili kano iendelee kupata mzigo wa kuijenga.