Uratibu wa kazi za kujitolea pwani: maana yake na nafasi yake katika sayansi ya wananchi

Neno kuratibu lina ndugu wengi katika Kiswahili. Ratiba, utaratibu na taratibu yote yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupanga mambo kwa mfuatano wake, na undugu huo unafaa kukumbukwa kila tunapozungumzia uratibu wa watu wanaojitolea kuhifadhi pwani, kwa sababu kazi hiyo huchanganywa mno na uhamasishaji. Anayewaita watu hamsini ufukweni siku ya Jumamosi, wakaokota taka, wakapiga picha ya pamoja na kurudi makwao, amehamasisha, na hilo si jambo la kubeza. Hata hivyo hajaratibu mpaka kazi ya Jumamosi hiyo iweze kuwekwa kando ya kazi ya Jumamosi nyingine, iliyofanywa na watu wengine kabisa, na tofauti baina ya hizo mbili ikasomeka bila kubahatisha.

Msomaji wa Moshi ana haki ya kuuliza bahari inamhusu nini. Jibu linapita chini ya madaraja anayoyavuka kila siku. Mito ya Karanga na Weruweru huteremka kutoka Kilimanjaro na kuingia Kikuletwa, ambao hupokea pia maji ya Themi yanayokatiza jiji la Arusha, ilhali Rau hufuata njia ya Ruvu, yaani Ruvu wa huku kwetu, usichanganywe na ule wa Mkoa wa Pwani. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto huitwa Pangani mpaka unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kwenye mji wenye jina hilohilo mkoani Tanga. Mto ukipungukiwa maji huku juu, maji ya chumvi hupanda kutoka mdomoni na kuingia bara, na wakulima wa minazi wa Pangani huijua hali hiyo kabla ya mtaalamu yeyote kuiandika. Ofisi kuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi, mbali kabisa na bahari, na anayeitazama ramani ya bonde hilo haoni ajabu yoyote.

Dhana ya pili inayoambatana na uratibu huu ni sayansi ya wananchi, ambayo wengine huiita sayansi shirikishi. Ninaepuka kuiita sayansi ya jamii kwa kuwa jina hilo limekwisha kushikwa na taaluma kama sosholojia na uchumi, na kuligawa tena ni kumpoteza msomaji. Maana yake ni ukusanyaji wa taarifa unaofanywa na watu ambao sayansi si kazi yao, kwa njia iliyokubaliwa mapema, ili kujibu swali linalojulikana. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900 watu 27 nchini Marekani na Kanada walitoka siku ya Krismasi kuhesabu ndege badala ya kuwawinda, na hesabu hiyo inaendelea kila mwaka hadi leo. Mwaka 1986 usafishaji wa fukwe za Texas ulikwenda sambamba na kuorodhesha kila kilichookotwa, na kutokana na kazi hiyo ukakua usafishaji wa pwani wa kimataifa unaofanyika kila mwezi Septemba.

Kwetu mfano mzuri zaidi ni wa silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kumnasa, wengi wao wakiwa wa pwani ya Tanga, katika jarife, yaani nyavu kubwa, zilizotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mvuvi anayevuta wavu wa namna hiyo anajua siku, mahali, kina na aina ya nyavu. Asipokuwapo mtu wa kumuuliza maswali hayohayo kila mara na kuyaandika majibu yake, maarifa hayo huuzwa pamoja na samaki wengine mnadani na kwisha.

Hapo ndipo kazi ya mratibu inapoanza, na kazi hiyo ni ya kuchosha kuliko inavyodhaniwa. Chukua mfano wa nyasi bahari, mimea itoayo maua ambayo hukua chini ya maji ya kina kifupi na ambayo haipaswi kuchanganywa na mwani. Mbinu moja inayotumika katika nchi nyingi hutaka kamba tatu zenye urefu wa mita 50 zilazwe sambamba, zikiachana kwa mita 25, kisha kiunzi cha mraba chenye upande wa sentimita 50 kiwekwe kila baada ya mita 5 kuanzia mwanzo wa kamba. Kila kamba inatoa viunzi 11, na eneo zima linatoa 33. Ndani ya kila kiunzi mtu hukadiria ni sehemu gani ya ardhi iliyofunikwa na nyasi, huandika aina zake na kupima urefu wa majani. Hakuna hatua hata moja katika hizo inayomshinda mwanafunzi wa sekondari. Kinachowashinda wengi ni kuirudia kazi hiyohiyo mahali palepale baada ya miezi mitatu, bila kuhama hata kidogo kwenda penye nyasi nzuri zaidi kwa ajili ya picha.

Saa ya kazi hiyo haipangwi na mratibu. Inapangwa na mwezi. Nyasi bahari na miamba ya karibu hupimika vizuri wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi mbali, sehemu kubwa ya eneo hubaki imefunikwa. Tena muda wa kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kikundi kinachopanga safari kutoka Moshi kwa kutazama wikendi peke yake, bila kutazama jedwali la maji kupwa na kujaa, kinaweza kufika Pangani wakati bahari imekwisha kurudi, na hapo safari imegeuka kuwa matembezi.

Lipo pia suala la majina. Mtu wa bara akifika ufukweni huita miti yote ya majini mikoko, wakati mwenyeji anatofautisha mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia na mkomafi. Anayemcheka mgeni huyo akumbuke kwamba mgeni anayefika Moshi naye huita kila mkungu ndizi tu, wakati mama wa Kibosho hawezi kuchanganya mshare na ndizi ng'ombe hata gizani. Zaidi ya hapo, samaki mmoja huweza kuwa na jina jingine akivuka wilaya moja tu ya pwani. Mratibu makini huandaa mapema orodha yenye picha, huandika jina la mahali pamoja na la kitaalamu, na huwaruhusu washiriki kuandika "sijui". Neno hilo lina thamani kubwa kwenye fomu. Sifuri pia ina thamani, kwa kuwa siku ambayo hakuna kasa aliyepanda kutaga lazima iandikwe kama ilivyo, vinginevyo anayesoma daftari mwakani hatajua kama kasa hawakuwapo au kama mlinzi alilala.

Njia rahisi ya kupima ubora wa taarifa ni kuwaweka watu wawili wahesabu kiunzi kimoja bila kuangaliana. Wakipishana kidogo, sawa. Wakipishana sana, kasoro huenda iko kwenye mafunzo, na kumlaumu mshiriki hakutasaidia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miongozo mingi hulipita harakaharaka, nalo ni fedha. Neno kujitolea limepata kivuli chake nchini mwetu, kwa maana kijana aliyemaliza chuo akisema anajitolea mahali fulani, mara nyingi anamaanisha kwamba anafanya kazi bila mshahara huku akisubiri ajira. Upande wa pili kuna posho, ambayo imekuwa sehemu ya mikutano kiasi kwamba mkutano usio nayo huonekana una kasoro. Kwa maoni yangu nauli, chakula, maji ya kunywa, glovu na viatu vya kuingilia majini vigharimiwe bila mjadala, kwani mtu anajitolea muda wake, hajitolei kujiumiza. Mvuvi anayeacha kwenda baharini ili kuongoza kikundi amepoteza kipato cha siku nzima, hivyo alipwe waziwazi kama mfanyakazi na asiitwe wa kujitolea. Lisilofaa kabisa ni kulipa kwa idadi, iwe ya chupa zilizohesabiwa au ya viota vilivyoripotiwa. Siku malipo ya namna hiyo yanapoanza, hesabu hupanda ilhali ufukweni hakuna kilichoongezeka, na takwimu za tangu siku hiyo haziwezi tena kulinganishwa na za nyuma.

Watu wa Kilimanjaro wanao mfano wao wa kale wa kufikiria jambo hili, nao ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mifongo, ambayo ni mifereji ya kumwagilia mashamba. Kila kundi lilipewa kipande chake cha mfereji, zamu za maji zilijulikana, na asiyetokea alitozwa faini. Kwa sababu ya faini hiyo msaragambo hauwezi kuitwa kujitolea kwa maana kamili, lakini uratibu wake ulikuwa imara, kwa kuwa kila mmoja alijua kipande chake kinaanzia na kuishia wapi. Kikundi cha pwani kisichojua mpaka wa eneo lake kiko nyuma ya wazee wale.

Ruhusa nayo isisahaulike. Ndani ya hifadhi za bahari huwezi kuingia wala kuchukua chochote, hata kombe, bila idhini, na vijijini vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi viarifiwe kabla ya wageni kushuka kwenye gari.

Kwa mkazi wa Moshi asiye na nauli ya kwenda Pangani, kazi inaweza kuanzia hapahapa, katika usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye kipande cha mita 100 cha ukingo wa Karanga ambacho hakibadilishwi, kwa fomu yenye makundi yaleyale ya taka yanayotumiwa na wenzao ufukweni. Uangalifu mmoja unahitajika katika kuisoma fomu hiyo. Bwawa la Nyumba ya Mungu huzuia sehemu ya kinachoshuka, na mabwawa ya umeme ya kule chini, Hale na Pangani, huzuia nyingine, hivyo chupa mia moja zilizohesabiwa Karanga hazithibitishi kwamba chupa mia moja zimefika baharini. Zinathibitisha kilichokuwapo Karanga siku hiyo, baada ya mvua au wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu nafasi za kwanza za fomu hujazwa mahali, tarehe na hali ya maji kabla mtu hajainama kuokota chupa ya kwanza.