Mmea wa nyoka na oksijeni ya usiku

"Huu unatoa oksijeni usiku." Sentensi hii imeenea Dar es Salaam nzima. Utaisikia kwa wauza maua waliopanga vyungu kando ya Barabara ya Bagamoyo, kwa wapambaji wa nyumba na kwa jirani aliyehamia nyumba mpya. Wiki hii nimeisikia ikisemwa kwa mama aliyekuwa akichagua mmea wa nyoka wa kuweka chumbani kwa mwanawe mwenye pumu. Aliambiwa chungu kimoja karibu na kitanda kinatosha, mtoto atapumua vizuri hadi asubuhi. Mama akalipa, akaondoka na chungu chake. Mtu anapoanza kuutegemea mmea kwa pumu ya mtoto, maneno lazima yanyooshwe.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Mmea wa nyoka, yale majani marefu yaliyosimama wima yenye mistari ya kijani na kingo za njano, ni mmoja wa mimea inayoitwa mimea ya CAM. Mimea ya CAM hufungua vitundu vya majani yake usiku badala ya mchana, huvuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya jani ikiwa asidi. Kukikucha hufunga vitundu, kisha hutumia akiba ile pamoja na mwanga kutengeneza sukari. Hiyo ndiyo maana ya "mmea unaofanya kazi usiku". Oksijeni haijatajwa hapo popote.

Kosa linaanzia pale watu wanapochanganya kazi mbili za mmea. Ya kwanza ni kupumua. Mmea hupumua kama sisi, huchukua oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, usiku na mchana, na kila sehemu iliyo hai hufanya hivyo, mizizi ikiwemo. Ya pili ni usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Oksijeni hutoka kwenye hii ya pili, na watu wengi hawajui inatoka kwenye nini hasa. Haitoki kwenye hewa ya ukaa. Inatoka kwenye maji. Nguvu ya mwanga huipasua molekuli ya maji ndani ya jani, hidrojeni ikabaki kusaidia kutengeneza sukari, oksijeni ikaachwa itoke. Bila mwanga maji hayapasuki, na maji yasipopasuka hakuna oksijeni. Uwe mwembe wa uani au mmea wa nyoka wa sebuleni, giza likiingia kazi hiyo inasimama.

Kwa hiyo vitundu vinapofunguka saa nne za usiku, kinachoingia ni hewa ya ukaa, na kinachotoka kwa wingi ni mvuke wa maji. Oksijeni ya mmea huu hutengenezwa mchana, kama ya mimea mingine yote. Tena mchana huo vitundu vyake huwa vimefungwa kwa sehemu kubwa, na hewa hutoka polepole. Kufungua usiku na kutoa oksijeni usiku ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili halipo.

Jina CAM lenyewe lingetuepusha na kosa hili kama tungelisoma vizuri. Ni herufi tatu za Kiingereza. C ni ya Crassulaceae, ukoo wa mimea yenye majani manene ambamo jambo hili lilichunguzwa sana. A ni ya asidi. M ni ya metaboli, yaani shughuli za kikemia ndani ya kiumbe. Jina limeibeba asidi, si oksijeni, na asidi hiyo iligunduliwa kwa ulimi. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alitafuna majani ya mmea uitwao Bryophyllum, ule ambao jani lake likianguka chini huchipua vitoto pembezoni. Akaona kwamba asubuhi jani ni chachu kabisa, kufikia mchana uchachu umepotea, na jioni limekuwa na uchungu kidogo. Barua yake kuhusu jambo hilo ilichapishwa London mwaka 1815. Alichokuwa anakionja ni asidi ya maliki, ile ile inayolipa tufaha uchachu wake, iliyojikusanya usiku kucha na kutumika mchana. Nanasi la Kiwangwa hufanya hivyo hivyo shambani, na mkonge wa Tanga pia.

Mimea hii inajisumbua hivyo kwa sababu ya ukame. Kila kitundu kinapofunguka ili hewa ya ukaa iingie, maji hutoka. Ukifungua usiku, hewa ikiwa imepoa na ina unyevu zaidi, unapoteza maji kidogo sana kuliko ukifungua saa saba mchana. Mmea wa nyoka tunaouuza mijini asili yake ni Afrika Magharibi, kuanzia Nigeria hadi Kongo, lakini ndugu zake wa porini wapo hapa hapa kwetu. Jina la Oldupai kule Ngorongoro linatokana na neno la Kimaasai la mkonge pori unaoota bondeni pale, na mkonge pori huo ni wa ukoo mmoja na mmea wa nyoka. (Wanasayansi waliuita ukoo huo Sansevieria kwa zaidi ya miaka 200, kisha mwaka 2017 mmea wetu wa vyunguni ukahamishiwa kwenye ukoo wa Dracaena. Vitabu vingi bado vina jina la zamani, na si kosa kulitumia.)

Sifa ya kusafisha hewa ina chanzo chake, nacho pia kimepindishwa. Mwaka 1989 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilitoa ripoti ya utafiti wa Wolverton na wenzake. Waliweka mimea, huu ukiwemo, ndani ya makasha yaliyofungwa kabisa, wakaingiza kemikali kama benzini na formaldehaidi, kisha wakapima zilivyopungua. Walipima kemikali hizo. Hawakupima oksijeni ya mtu aliyelala, na chumba cha kulala cha Sinza si kasha lililofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Cummings na Waring, walipitia tafiti nyingi za aina hiyo. Hesabu yao ilionyesha kwamba ili mimea iondoe kemikali kwa kasi inayolingana na kupita kwa hewa kwa kawaida ndani ya jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Hapo kitanda hakina pa kukaa.

Wapo pia waliolelewa na onyo la upande wa pili, kwamba usilale na mmea chumbani, utakunyang'anya hewa. Hilo nalo halina uzito. Mmea hutumia oksijeni kidogo mno usiku, kidogo kuliko anayotumia mtu mmoja aliyelala kando yako, na hatujawahi kuogopa kulala wawili.

Nimeshikilia jambo hili kwa sababu anayelielewa vibaya huumwagilia mmea vibaya. Anayedhani ana mashine ya oksijeni huihudumia kila siku, kikombe asubuhi, kikombe jioni, ili "ifanye kazi". Mmea unaofunga vitundu mchana kutwa hunywa taratibu mno. Hapa Dar hewa yenyewe ina unyevu, na wakati wa masika udongo wa chungu kilicho ndani unaweza kukaa wiki tatu hata nne kabla haujakauka. Maji yakijaa kwenye nafasi ndogo za udongo, hewa inakosa pa kukaa, na mizizi, ambayo nayo inapumua, inakosa oksijeni na kuanza kuoza. Juu majani yataonekana mazima kwa muda. Kisha siku moja unashika jani moja, linang'oka bila kuvutwa, na shina lake ni laini, la kahawia, linanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Udongo wa namna hiyo huota ukungu, na ukungu ni moja ya vitu vinavyoamsha pumu.

Kiu inaonekana tofauti. Jani hukunjamana kwa urefu na kujikunja kuelekea ndani, lakini bado ni gumu, na hilo hurekebishika ukiumwagilia. Kipimo kinachotosha ni kijiti cha mishikaki. Kichomeke hadi karibu na kitako cha chungu, kiache kidogo, kisha kitoe. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Chungu kiwe na tundu, udongo uchanganywe na mchanga wa kutosha au kokoto ndogo, na chungu kikae karibu na dirisha, kwa sababu kona ya giza mmea huu huivumilia tu, hauipendi. Ukiwa na paka au mtoto anayetambaa, uweke juu, maana majani yake yakitafunwa husumbua tumbo.

Wauza maua wetu wengi wanaijua mimea kwa mikono, na sitaki waache kuisifu. Waseme tu kwamba mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku ili usipoteze maji mengi, ndiyo maana hauhitaji kumwagiliwa mara kwa mara. Ni kweli tupu, na mteja akiyafuata mmea wake utadumu. Akiuliza kama utamwongezea mtoto oksijeni akilala, jibu la haki ni hapana. Hautampunguzia pia. Hewa ya kulalia inaingia dirishani, basi dirisha liwekwe wavu wa mbu na liachwe wazi, na mtoto mwenye pumu aendelee na dawa alizoandikiwa na daktari.