Kabla ya kubadilishwa goti, tuangalie damu yako kwanza

"Daktari, nitaongezwa damu?" Swali hili nalisikia kila kliniki, na wengi hudhani jibu liko kwa mpasuaji. Mimi ni daktari wa usingizi; natazama kwanza karatasi ya maabara. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ni ngapi? Hakuna jambo linaloamua zaidi ya hilo, tena mara nyingi linatibika.

Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke. Kwa upasuaji huu mimi nataka 13 kwa wote, maana mama wa kilo 50 ana lita tatu na kitu tu za damu mwilini. Akipoteza lita moja, si sawa na jamaa wa kilo 90.

Mama mmoja wa Kayole alikuja na 9.1, viganja vimepauka. "Mama, maumivu unayatulizaje?" Akafungua mkoba: diklofenaki, pakiti juu ya pakiti, za kujinunulia dukani miaka nenda miaka rudi. Dawa hizo huchubua tumbo, damu ikavuja kidogo kidogo bila mtu kujua. Na kila mlo aliushushia chai, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Tuliahirisha upasuaji, tukamchunguza tumbo, akaanzishiwa vidonge vya chuma. Hakufurahi, watoto walikuwa wameshaomba ruhusa kazini.

Mengine yanayoongeza uwezekano wa kuongezwa damu hayabadiliki: umri mkubwa, figo dhaifu, kurudia kiungo kilichowahi kubadilishwa, magoti mawili kwa mkupuo. Nyonga nayo kwa kawaida huhitaji damu kuliko goti. Vijana wenye selimundu, ambao nyonga zao huharibika mapema, tunawapangia pamoja na daktari wa damu.

Thieta tuna asidi ya traneksamiki, kazi ya Utako na Shosuke Okamoto wa Japani tangu 1962. Gramu moja kabla ya kupasua hupunguza sana uvujaji. Hata hivyo himoglobini huendelea kushuka siku mbili tatu wodini, kwani damu huvujia ndani ya nyama. Jamaa wakiona 8.5 hutaka chupa itundikwe papo hapo. Kama mgonjwa hana kizunguzungu wala moyo haumwendi mbio, kwa kawaida tunangoja. Mpaka wetu wa kuongeza damu ni 8 hivi.

Ukitumia aspirini au walfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, tuambie mapema, lakini usiiache kwa uamuzi wako. Mwenye kifaa kwenye mshipa wa moyo anaweza kudhurika zaidi kwa kuacha dawa kuliko kwa kuvuja damu.