Kabla ya kubadilisha modeli, zitazame lebo

Mwishoni mwa 2020 picha 21,397 za majani ya muhogo kutoka Uganda ziliwekwa kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, watu washindanie kutambua ugonjwa. Nyingi zilipigwa na wakulima shambani mwao, kisha wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya Uganda, na maabara ya akili bandia (AI) ya Chuo Kikuu cha Makerere wakaziwekea lebo, yaani jina la kundi la kila picha. Makundi ni matano: batobato, michirizi ya kahawia, ugonjwa wa bakteria, madoa ya kijani, na jani lisilo na ugonjwa.

Vijana ninaowafundisha kwa data hii ninawaambia wahesabu kwanza. Picha 13,158 ni za batobato. Programu isiyojua lolote, inayojibu "batobato" kwa kila jani, inapata asilimia 61! Za bakteria ni 1,087 tu. Usahihi wa jumla ukipanda kutoka 85 hadi 87, huenda mkulima mwenye michirizi hajapata nafuu yoyote. Pima kila kundi peke yake.

Kisha fungua picha ambazo modeli, yaani programu uliyoifunza kutambua ugonjwa, imezikosea. Hapa ndipo ninapomaliza siku nzima, na sijutii. Anza na zile ambazo modeli inapingana na lebo huku ikiwa na uhakika mkubwa, maana baadhi utakuta lebo ndiyo yenye kosa. Michirizi huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, unjano ukifuata mishipa. Majani machanga ya mmea uleule yanaweza kuonekana safi kabisa. Tena mmea mmoja huweza kuugua batobato na michirizi kwa pamoja, ilhali lebo inaruhusu jina moja. Kuongeza tabaka za hesabu kwenye modeli hakutibu hilo. Washindi wenyewe waliishia takriban asilimia 91.

Mbinu nyingine zinasaidia, nazo ni rahisi: kugeuza na kukata picha wakati wa kufunza, kulainisha lebo (kutoichukulia lebo kuwa ya hakika kabisa), kuunganisha majibu ya modeli kadhaa. Ila ukikusanya picha zako mwenyewe, usigawe za shamba moja kati ya kufunzia na kupimia. Modeli itakariri udongo na mwanga wa pale, nawe utafurahia namba isiyofika shamba la jirani.

Zile picha ambazo hata wataalamu wawili wanatofautiana, mimi huzitenga na kutoa matokeo yake kando.